Usimfiche Daktari wa Usingizi

(Hotuba iliyosomwa na ndugu yetu, fundi wa mabehewa, mbele ya mkutano wa tawi. Ameombwa aiandike ili wale waliokuwa zamu siku ile nao waisome.)



  Mimi si daktari, wala si mtu wa elimu kubwa. Nilisoma shule ya msingi ya misheni, nikaingia karakana nikiwa kijana, na sasa nina miaka 36. Kazi yangu mnaijua: kukagua magurudumu, ekseli na breki za mabehewa kabla treni haijaondoka. Lakini mwaka jana nilikaribia kufa juu ya kitanda cha hospitali, na si kwa ubaya wa daktari, bali kwa uongo wangu mwenyewe. Uongo ule niliusema kwa kuogopa kupoteza kazi. Najua kuna wengine humu ndani wanaobeba uongo kama ule mfukoni. Kwa hivi nimeona si haki ninyamaze.

Habari yenyewe ni hii. Tangu utoto nina ugonjwa wa pumu. Nilipoomba kazi nilipewa karatasi yenye swali: Je, una ugonjwa wa kifua? Nikaandika, Hapana. Miaka yote hiyo dawa yangu ya kuvuta nimeiweka chini ya spana ndani ya sanduku la vyombo, na nikishikwa na kifua nakwenda nyuma ya behewa, navuta mara mbili, narudi kazini kama mtu aliyekwenda haja ndogo.

Basi mwaka jana nikapata ngiri, na daktari akasema lazima nipasuliwe. Jioni ya kabla ya siku hiyo akaja mama mmoja mwenye karatasi mkononi. Akasema, "Bwana, mimi ndiye nitakayekupa dawa ya usingizi kesho. Nataka kukuuliza maswali." Wakati ule alikuwapo mkubwa mmoja wa kazi, amekuja kumwangalia mgonjwa wa kitanda cha pili. Yule mama akauliza habari za kifua, za presha, za sukari, za dawa ninazotumia. Mimi jicho langu liko kwa yule mkubwa. Nikajibu kila swali, "Mimi ni mzima, daktari." Akaandika, akaenda zake.

Yaliyofuata sikuyaona, niliambiwa baadaye. Nililala vizuri. Aliponitia mpira wa kupumulia kooni, kifua kikajifunga. Anakamua mfuko wa hewa kwa mkono, hewa haiingii. Kile chombo cha kupima hewa kidoleni kilikuwa kinasoma 98, kikashuka mpaka 64. Hata kisu hakijanigusa. Wakaacha shauri la ngiri, wakashughulika na roho yangu tu. Nilipozinduka ilikuwa siku nyingine, koo linauma kama nimemeza kokoto, na ngiri yangu ipo pale pale.

Yule mama akaja akaketi kando yangu. Hakunigombeza. Akasema, "Bwana, kwa nini ulinificha?" Nikamwambia ukweli wote, habari ya karatasi na ya yule mkubwa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Na mimi nilikosa. Haifai kumwuliza mtu siri zake mbele ya watu." Akaniuliza kazi yangu, nikamweleza. Akasema, "Basi mimi na wewe kazi yetu ni moja. Wewe wakagua treni kabla haijaondoka. Mimi namkagua mtu kabla hajalala."

Nilikaa hospitali siku kadhaa, na kila alipopata nafasi nikamwuliza, naye akanieleza nikaandika katika daftari. Haya ninayowasomea yametoka katika daftari lile.

USINGIZI HUU SI WA KAWAIDA

Watu wengi hudhani dawa ya usingizi, ambayo wengine huiita nusu kaputi, ni usingizi kama wa nyumbani. Sivyo. Aliyelala nyumbani ukimchoma sindano ataruka. Aliyelazwa kwa dawa hana habari, hasikii maumivu, na mara nyingi hutiwa dawa nyingine ya kulegeza viungo hata hawezi kupumua mwenyewe. Mtu mwingine ndiye anayempumulia. Moyo, presha, joto la mwili, yote yamo katika ulinzi wa huyo mmoja anayeketi upande wa kichwa.

Dawa hii ni neema kubwa. Zamani mgonjwa alikuwa akishikwa na wanaume wenye nguvu huku anakatwa. Tarehe 16 Oktoba 1846, katika mji wa Boston huko Marekani, mganga wa meno William Morton alimlaza mgonjwa kwa mvuke wa etha mbele ya madaktari, naye akapasuliwa shingoni bila kupiga kelele. Mwaka uliofuata James Young Simpson wa Edinburgh akaanza kutumia klorofomu. Lakini mapema mwaka 1848 msichana wa Uingereza, Hannah Greener, mwenye miaka 15, alilazwa kwa klorofomu ili aondolewe ukucha wa kidole cha mguu, naye hakuamka tena. Ukucha tu! Tangu hapo ilijulikana kwamba hakuna usingizi mdogo. Kupasuliwa kwaweza kuwa kudogo, lakini usingizi wenyewe siku zote ni jambo kubwa.

Ninyi madreva mnajua mteremko wa kutoka Limuru kwenda Kijabe. Dreva akiambiwa kwamba mabehewa mawili nyuma hayana breki, atapunguza mwendo, au atakataa kuondoka, na hakuna atakayeumia. Asipoambiwa, atajua akiwa katikati ya mteremko. Ugonjwa uliofichwa ni breki mbovu ambayo dreva hakuambiwa.

KIFUA

Mwenye pumu, njia zake za hewa ni kali kama mbwa aliyefungwa. Mpira ukigusa koo, zinajikaza. Akijua mapema, daktari atakupa dawa ya kuvuta kabla, atachagua dawa za usingizi zisizochokoza kifua, na pengine ataacha kabisa mpira wa kooni, akupige sindano ya mgongo inayotia ganzi kuanzia kiunoni kwenda chini. Hivyo ndivyo nilivyofanyiwa mimi mara ya pili, baada ya kifua kutulizwa kwa majuma kadhaa. Nilipasuliwa nikiwa macho, nasikia madaktari wakizungumza habari za mpira wa miguu, na nikarudi wodini nikiomba uji.

Mwenye mafua makali au kikohozi kipya aseme. Kama upasuaji si wa haraka, huahirishwa, na kuahirishwa si kuonewa. Mwenye kifua kikuu aseme pia, maana mapafu yake yamepungua nguvu, na ugonjwa waweza kuambukiza watu wa chumba kile na wagonjwa wengine.

Sasa wavuta sigara. Moshi una hewa mbaya inayokalia damu mahali pa oksijeni. Ukiacha kuvuta hata siku moja kabla, sehemu kubwa ya hewa hiyo hutoka. Lakini mapafu yenyewe yataka juma 4 au zaidi kupata nafuu ya kweli. Kwa hivi siku unayoambiwa utapasuliwa mwezi ujao, siku hiyo hiyo zima sigara.

MOYO NA PRESHA

Ugonjwa huu ni mwizi wa kimya. Wako wanaotembea na presha ya kutisha na hawajui, kwa kuwa haiumi. Dawa ya usingizi hutanua mishipa, presha ikaanguka ghafula. Mpira ukiingia kooni, presha hupanda ghafula. Mtu ambaye mishipa yake imezoea presha ya juu hutupwa chini na juu kuliko mwenzake, na hapo moyo au ubongo waweza kukosa damu. Ndiyo sababu presha ikifika 180 juu na 110 chini, madaktari wengi huahirisha upasuaji usio wa haraka mpaka iteremke.

Hapa kuna kosa wanalofanya wengi. Mtu akiambiwa asile kitu, anaacha na vidonge vya presha. Si sawa. Vidonge vingi vya presha humezwa asubuhi ile ile kwa funda la maji. Lakini viko vingine ambavyo daktari husimamisha siku moja kabla, maana huangusha presha mno mtu akilala. Wewe huwezi kujua ni vipi. Dawa yako ni kubeba vidonge vyote katika mfuko, ukaviweka mezani, ukauliza, "Nimeze kipi, niache kipi?" Na mwenye dawa za kulainisha damu azitaje mapema sana, kwa kuwa sindano ya mgongo kwa mtu ambaye damu yake haigandi yaweza kumletea damu ndani ya uti wa mgongo na kumpoozesha miguu.

Aliyepata mshtuko wa moyo hapasuliwi upesi kwa jambo linaloweza kungoja; kawaida hungojwa siku 60 au zaidi. Na wale waliougua homa ya viungo utotoni, ikawaharibia vali za moyo, wasiseme, "Ah, hayo yalikuwa ya zamani." Vali mbovu haisahau.

SUKARI

Mwenye ugonjwa wa sukari ana hatari mbili. Ya kwanza ni sukari kushuka. Mtu macho akishukiwa na sukari hutetemeka, hutoka jasho, husema maneno ovyo, na wenzake humpa soda. Aliyelazwa usingizi hawezi kusema wala kutetemeka, na bila kupimwa damu hakuna atakayejua mpaka ubongo umeumia. Na hii hutokea hasa kwa mtu aliyefunga chakula lakini akajidunga insulini yake kama kawaida. Hatari ya pili ni sukari kuwa juu mno, kidonda kikaoza na kukataa kupona. Kwa sababu hizi mgonjwa wa sukari hupangwa awe wa kwanza asubuhi, asikae na njaa muda mrefu, naye hupimwa mara kwa mara. Lakini atapangwaje wa kwanza kama amejificha?

TUMBO

Hapa naomba mnisikilize sana, na akina mama hasa, maana nyinyi ndio mnaoleta chakula wodini kwa upendo.

Mtu aliyelala kwa dawa, ule mlango wa koo unaozuia chakula kuingia mapafuni nao umelala. Kama tumbo limejaa, chakula na maji makali ya tumbo hupanda, humwagika mapafuni na kuyaunguza. Daktari Curtis Mendelson wa New York aliandika habari hizi mwaka 1946, alipochunguza akina mama waliopatwa na jambo hilo wakijifungua. Kwa hivi sheria ni hii: chakula chepesi kikome masaa 6 kabla, chakula cha mafuta mengi masaa 8 au zaidi, na maji matupu masaa 2. Chai ya maziwa si maji. Uji si maji. Chai ya maziwa na uji ni chakula.

Mgonjwa akisema, "Nimekunywa kikombe kimoja tu cha chai," ataahirishwa masaa machache. Akificha, huenda asirudi nyumbani. Na watu wengine tumbo lao huchelewa kumwaga hata kama wamefunga: mama aliye katika uchungu wa kuzaa, mgonjwa wa sukari wa miaka mingi, mtu aliyeziba matumbo, na mtu aliyeumia ghafula. Aliyegongwa kazini mara baada ya chakula cha mchana, wenzake wamwambie daktari saa aliyokula.

DAMU

Damu ndiyo behewa linalobeba oksijeni. Mtu mwenye damu kidogo, kwa malaria, kwa safura, au kwa mama anayetokwa damu nyingi kila mwezi, ana mabehewa machache, na akipoteza kidogo katika upasuaji mzigo haufiki. Ikiwa kuna nafasi, huongezewa damu kwa vidonge vya madini ya chuma kwanza.

Kisha kuna seli mundu, ambao wako wengi katika watu wetu wa Nyanza, Magharibi na Pwani. Seli za damu hupinda kama mundu na kuziba mishipa. Yanayozipindisha ni baridi, kiu ya mwili, na kukosa oksijeni. Na mambo hayo matatu hupatikana kwa urahisi chumba cha upasuaji. Daktari akijua atamfunika mgonjwa, atamtia maji ya mishipa, na atalinda hewa yake kwa macho mawili. Basi mzazi, mtoto wako akipelekwa hata kung'olewa jino kwa dawa ya usingizi, lisemwe.

FIGO, INI NA KICHWA

Dawa ikiingia mwilini lazima itoke, na milango yake mikubwa ni figo na ini. Figo zikiharibika dawa hukaa ndani muda mrefu, na chumvi ya potasiamu hupanda katika damu hata moyo ukapiga ovyo. Dawa moja ya kulegeza viungo huongeza potasiamu hiyo, kwa hivi daktari akijua atatumia nyingine.

Juu ya ini sitaki kumtazama mtu. Anayekunywa chang'aa kila siku, ini lake likiharibika damu yake haigandi upesi, na akikatishwa pombe ghafula wodini huanza kutetemeka na kuona vitu. Aseme kiasi anachokunywa, si kiasi anachomwambia mkewe. Na mtafuna miraa aseme pia, maana hupandisha presha na mapigo ya moyo.

Mwenye kifafa asiache vidonge vyake asubuhi ya upasuaji. Mwenye kutumia dawa za virusi vya Ukimwi vile vile. Asiache, bali azitaje, kwa kuwa nyingine hubadili nguvu ya dawa za hospitali. Mwenye rovu aonyeshe shingo yake, maana laweza kupinda njia ya hewa. Na kama ndugu wa damu alipata taabu au alifariki kwa dawa ya usingizi, lisemwe hata kama ni la miaka 20 nyuma. Kuna udhaifu unaorithiwa.

SASA SHAURI LETU SISI WAFANYA KAZI

Ndugu zangu, mtaniuliza, "Je, nikisema ukweli hospitali, na habari ikafika ofisini?" Swali hili ni la haki, na nimelifikiri sana.

Jibu la kwanza: siri ya mgonjwa ina ulinzi. Katiba yetu ya mwaka 2010, Kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya katika zile zinazotaka ulinzi zaidi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza kumbagua mfanya kazi kwa ajili ya ulemavu au virusi vya Ukimwi. Kwa hivi mna haki ya kumwambia daktari, "Naomba tuzungumze faraghani." Mimi sikulijua neno hili. Lingalinitosha.

Jibu la pili ni gumu zaidi, na sitalikwepa. Dreva mwenye kifafa akijificha, hajifichi peke yake. Amewaficha abiria wote. Hatuwezi kusimama hapa tukasema kila mtu afiche ugonjwa wake. Tunachoweza kusema ni kwamba watu hujificha kwa sababu wanajua malipo ya ukweli ni kufukuzwa. Mtu mwenye watoto wanne na karo ya shule hatachagua ukweli huo. Naleta hoja kwamba Kamati ipeleke mezani ombi hili: mfanya kazi anayeonekana na ugonjwa usiofaa kwa kazi yake apewe kazi nyingine inayomfaa, kwa mshahara ule ule. Siku hiyo ikipatikana, masanduku ya vyombo yatakuwa na spana tu.

Mimi mwenyewe nimeandika barua kusahihisha ile karatasi yangu ya zamani. Sijapata jibu. Nimekaa nangoja, na usiku mwingine silali. Lakini kifua changu kimo katika maandishi sasa, na mtu yeyote atakayenilaza tena atakijua.

MAMBO YA KUSHIKA

1. Andika katika karatasi magonjwa yako yote, na upasuaji wote wa zamani.
2. Beba dawa zako zote hospitali, za duka na za mitishamba pia.
3. Uliza ipi umeze asubuhi, ipi uache.
4. Taja dawa au chakula kinachokudhuru.
5. Taja sigara, pombe na miraa bila kupunguza.
6. Sema saa uliyokula na kunywa mara ya mwisho.
7. Sema habari ya meno yanayocheza au ya bandia.
8. Ukiona watu karibu, omba faragha.

Tangu mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani limetoa orodha ya ukaguzi kwa vyumba vya upasuaji, inayosomwa mara tatu: kabla ya kulazwa, kabla ya kukatwa, na kabla ya mgonjwa kutoka. Madaktari wakubwa wamekubali kusoma orodha kama sisi tunavyosoma yetu kabla ya kutoa treni. Lakini orodha haijui kilicho kifuani mwako usipokisema.

Wazee wetu wa karakana walikuwa wakigonga gurudumu kwa nyundo na kusikiliza. Gurudumu zima lalia kama kengele. Lenye ufa latoa mlio mzito. Gurudumu halina uwezo wa kusema uongo. Mwanadamu anao, na mimi niliutumia, na yule mama akagonga asisikie ufa.

Akija kwako na karatasi yake, mjibu.

 Umoja ni nguvu.